Ahadi Niliyompa Kompaila

Wiki iliyopita tulimuaga Mwalimu Anselme, aliyehamishiwa shule nyingine. Kulikuwa na soda, maandazi, na keki ndogo kiasi kwamba ilibidi kwanza tutafute nani haipendi. Diregiteri, mkuu wetu wa shule, alipouliza nani atatoa neno kwa niaba ya darasa, vidole vyote vilinielekea mimi, maana shuleni kwetu mimi ndiye wa kuchekesha, kama wengine walivyo wa kwaya na wengine wa kengele. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Nikakaa. Wakacheka sana, wakidhani ndio mzaha wenyewe. Ukweli ni kwamba nina hadithi moja tu ya maana kuhusu mwalimu yule, na haikufaa kusimuliwa mbele ya keki. Wazee huandika kumbukumbu zao wakishaota mvi. Mimi nina miaka kumi na saba, na mama anasema kwa tabia zangu mvi sitazifikia, basi naandika mapema. Nilizaliwa wapi na babu yangu alikuwa nani, waulizeni shangazi zangu, watawaeleza hata msipotaka. Mimi naanzia mwaka jana, mwaka wa tano wa sekondari, ndani ya chumba kilichowahi kuwa ghala la maharage.

Chumba hicho ndicho tulikiita maabara. Kompyuta zilikuwa kumi na mbili, nne kati yao hai. Harufu ya maharage haikuwahi kutoka, na ukisogeza meza ungeokota punje moja au mbili kwenye ufa wa sakafu. Upande wa kushoto hapakuwa na ukuta bali mbao, na nyuma ya mbao ilikuwa ofisi ya Diregiteri, kwa hiyo sisi wa somo la programu tulikuwa tunajua mambo ya shule kabla ya walimu. Kila adhuhuri ndege ilipita chini ikielekea kutua Kamembe, vioo vinatetemeka, na hapo tumbo linajua kwamba chakula kimekaribia. Nilikaa meza moja na Bonheur. Yeye alikuwa wa bweni, ametoka Bweyeye, kule ambako gari likikufikisha bado una saa mbili za miguu kando ya msitu. Aliandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, polepole, halafu alisoma alichoandika huku midomo ikicheza. Hakuwahi kukosea. Mimi nilikuwa naandika kwa vidole vyote na kukosea kwa vyote. Mimi nilimfundisha kucheka darasani, yeye alinifundisha kila kitu kingine.

Muhula wa pili, kituo cha afya kilicho chini ya shule kilituomba kazi. Wodi yao ilikuwa na vitanda vinane vimepangwa mstari mmoja, na walikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine: mgonjwa aliyezidiwa hulazwa kitanda cha kwanza, karibu na mlango, ili nesi amwone bila kusimama. Akiingia mahututi mpya, waliopo wote wanasogea kitanda kimoja. Kila mtu anabeba blanketi lake, beseni lake na chupa yake ya chai, mstari mzima unahama hatua moja, na wa mwisho, ambaye huwa ndiye amepona zaidi, anaenda kungojea barazani. Maman Josée, nesi mkuu, alichoka kufuta na kuandika upya ubao kila mara. Alitaka skrini mezani pake: jina la kila mgonjwa kwa mpangilio wa kitanda, na mbele ya jina, dawa ambayo mgonjwa huyo hatakiwi kupewa hata iweje. Mashine walikuwa nayo, kijikompyuta kisichozidi ukubwa wa sahani, polepole kama Misa ya Pasaka. Mwalimu Anselme akatugawa makundi matatu. Programu itakayokuwa sahihi na yenye kasi kuliko zote ndiyo itashuka kituoni, na walioshindwa wataosha sahani za washindi wiki nzima.

Kabla hatujaanza, alitukalisha wanane kwenye benchi, kila mmoja na karatasi yenye jina lake. Mwalimu huyu alikulia Bukavu kama wengi hapa kwetu, na alipofurahi Kiswahili chake kilivuka mpaka. "Sasa kila muntu aandike kwa karatasi yake jina ya ule iko kushoto yake. Tunaanzia kushoto, moja moja." Mimi, Divine, ndiye nilikuwa mwisho wa kushoto. Wa pili akafuta jina lake akaandika Divine. Wa tatu akamtazama wa pili, akaandika Divine. Tulipofika mwisho, benchi zima lilikuwa Divine.

"Mana yangu," Bonheur akamwita Mungu kwa lugha ya kwao, "Divine munane! Diregiteri ataacha kazi."

"Munaona?" Mwalimu akauliza. "Pa kutoa na pa kuweka ni benchi moja. Ukianzia mbele, unafuta muntu kabla hujamusoma. Sasa tuanzie kule mwisho." Tukaanzia mwisho, kulia kabisa, na kila jina likasogea salama. Akatuambia kwamba ndani ya lugha C kuna kazi mbili za kunakili zilizo tayari: memmove, ambayo inajua kwamba benchi laweza kuwa moja na inajihadhari, na memcpy, ambayo inadhani mabenchi ni mawili na haijali ianzie wapi.

Mgonjwa anayeingia tulimwandika kwanza kwenye nafasi ya mlangoni, kabla ya kitanda cha kwanza, ndipo mstari mzima, yeye akiwemo, usogee hatua moja. Majina tuliyahamisha kwa ile memmove ya kujihadhari. Zile dawa za hatari, zilizohifadhiwa kama namba, Bonheur aliziandikia kazi yake mwenyewe, mistari minne, ikianzia kitanda cha mwisho na kurudi nyuma. Ilikuwa sahihi. Ilikuwa pia ya pili kwa kasi. Kundi lililotutangulia walianza kuniuliza kama napenda sabuni ya kipande au ya unga, na mimi sijaumbwa kuvumilia maneno kama hayo.

Siku ya mwisho, wenzangu walipoenda kula, nilibaki maabara. Nilikuwa nimesoma mahali jambo kuhusu kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine. Kompaila ni mwoga. Ukimpa vielekezi viwili, yaani anwani mbili ndani ya kumbukumbu ya mashine, anajiuliza: hizi ni nyumba mbili, au ni nyumba moja yenye majina mawili? Ana haki ya kuuliza. Hapa kwetu mama mmoja ni Maman Fulani sokoni, ana jina jingine kwenye kitambulisho na jingine kwao Bukavu. Ukituma watu watatu wamtafute, wanagongana mlango mmoja. Kwa sababu ya woga huo kompaila anafuata mpangilio wako hatua kwa hatua. Lakini kuna neno, restrict. Ukilibandika kwenye vielekezi unamwapia kwamba hivi viwili havigusani kamwe. Akishaapiwa, hachunguzi. Anashika njia yoyote ya mkato. Nikaandika neno hilo mara mbili, nikamwambia kompaila aende kasi yote aliyo nayo, nikapima. Tulikuwa wa kwanza. Nikajaribu kumwingiza mahututi wa uongo kitanda cha kwanza: majina yakasogea, dawa zikasogea, kila kitu mahali pake. Juu kabisa ya faili, kwa furaha, nikaandika: Kazi ya Mheshimiwa Bonheur, Mfalme wa Bweyeye, asiyekosea. Halafu nikaenda kula. Yalikuwa maharage na mihogo, na sijawahi kula maharage matamu kama yale.

Wiki ile yale makundi mengine mawili yaliosha sahani zetu. Bonheur aliiona ile sentensi ya ufalme, masikio yakamwiva, akanipiga na daftari, lakini hakuifuta. Neno lililokuwa chini yake hakuliona, maana aliamini mistari yake minne anaijua. Programu ikashushwa kituoni Jumatatu. Siku mbili hakuingia mahututi. Wapya walienda mwisho wa mstari, na hapo hakuna anayehama.

Jumatano, saa nne asubuhi, nikiwa peke yangu maabara kwa sababu nimetolewa kwenye somo la Kifaransa kwa kuigiza sauti ya mwalimu, nilimsikia Maman Josée upande wa pili wa mbao. Hakuwa amekaa. Sauti yake ilitembea. Akikasirika, ndiye yake huwa njo na wote wake huwa bote.

"Mutoto ameingia na homa ya kichwa, tukamulaza kwa mulango, benye bako pale bakasogea. Skrini ikasogea pia. Niko na sindano ya penisilini mukononi, niko kwa kitanda ya Maman Solange, naangalia skrini, inasema hakuna kizuizi. Ni dada yake njo alipiga kelele. Unasikia, Diregiteri? Ni muuza samaki ya sambaza, hajasoma hata darasa moja, njo alimuokoa dada yake. Skrini yenu iliandika hakuna kwa bote. Bote munane!"

"Nani aliandika hiyo kitu?"

"Jina iko juu pale. Bonheur. Anajiita mufalme."

Nilikuwa nimeshika punje ya haragwe niliyoiokota sakafuni. Naikumbuka kwa sababu ilikatika mkononi mwangu. Mtoto aliyeingia hakuwa na kizuizi chochote. Nafasi ya mlangoni ilikuwa "hakuna", na "hakuna" hiyo ilikuwa imeandikwa juu ya kila mtu mpaka mwisho wa wodi. Nikaiwasha programu kwenye mashine yetu, nikamwingiza mahututi. Ikahama vizuri. Nikarudia. Vizuri. Nikarudia mara kumi, na kila mara mashine ilinitetea, na nawaambieni bila aibu kwamba nilifurahi. Nilijiambia kosa liko kwao, kwa kile kisahani chao. Nilijiambia hivyo Jumatano nzima.

Alhamisi walimwita Bonheur, na mimi nikaomba ruhusa ya choo nikaenda maabara kutega sikio kwenye mbao. Mwalimu Anselme alisema ameisoma ile mistari minne na haoni kosa, inaanzia mwisho kama inavyotakiwa. Diregiteri akasema basi ni mchezo, kwa sababu mtu makini hajiiti mfalme juu ya kazi ya hospitali. "Nani mwingine aligusa hii faili?" akauliza. Nilisikia kiti kikisogea. Bonheur alijua. Meza ni yetu wawili, na Bweyeye nzima haina mtu anayeandika upuuzi kama ule.

"Ni yangu, Diregiteri," akasema.

"Kesho unarudi kwenu, uje na mzazi."

Kwa mtu wa mjini hiyo ni adhabu ya kuchoka tu. Kwa Bonheur ilikuwa nyingine. Basi la kuelekea kwao lilikuwa moja, Ijumaa saa nane mchana. Mama yake alikuwa shambani na hajawahi kushuka Kamembe. Na Jumatatu orodha ya wanaoendelea na somo la programu ilikuwa inapelekwa wilayani. Asiyekuwepo hayumo, na asiyekuwemo haingii tena. Mchana ule alikula karibu nami. Nilimwambia mzaha kuhusu mpishi, sikumbuki upi. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesalimiwa na mgeni, akaniachia mhogo wake. Ule mhogo sikuweza kuumeza wala kuurudisha.

Ijumaa ndege ilipopita niligonga mlango wa Diregiteri. Mwalimu Anselme alikuwa ndani, na Bonheur amesimama kando ya begi lake na godoro lililofungwa kamba. Nikasema ni mimi. Diregiteri hakuinua hata kichwa.

"Divine, leo sina muda."

"Ni mimi nilibadilisha ile faili."

"Mwezi uliopita ulitangaza kwenye kipaza sauti kwamba mkaguzi amefika na nimezimia. Mwezi wa kabla ya huo uliifunga kengele bandeji. Rafiki yako anaondoka, unataka kumwokoa, ni jambo zuri. Toka."

"Diregiteri, naapa."

"Wewe ukiapa ndipo naogopa zaidi. Haya, onyesha."

Tukaingia maabara sote wanne. Nikawasha programu ile ile niliyoiharibu, na nikaomba, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kazi yangu ikosee. Nikamwingiza mahututi. Majina yakahama. Dawa zikahama. Zote nane sahihi. Nikarudia. Sahihi.

"Umeona?" Diregiteri akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ukali. "Bonheur, beba godoro. Saa nane haikungoji."

"Kuna neno," nikasema. Nilikuwa nalia, na hata kulia kwangu walikushuku. "Mwalimu, angalia kwenye vielekezi. Kuna neno nimeweka."

Mwalimu Anselme akainama mpaka pua yake ikakaribia skrini. Alisoma muda mrefu. "Hii restrict," akasema polepole. "Weye njo uliiweka? Unajua inasema nini?"

"Kwamba pa kutoa na pa kuweka hapagusani."

"Na panagusana?"

"Ni wodi moja."

Akavua miwani. Akamgeukia Diregiteri na kuongea kwa Kiswahili cha darasani, neno moja moja. "Bonheur alianzia mwisho, na alikuwa na haki. Lakini kompaila akishaahidiwa hivi, hana wajibu wa kuanzia mwisho. Anaona ni kunakili kwa kawaida, anaitupa ile mistari minne, anaweka memcpy mahali pake. Hapa kwetu hiyo memcpy inabeba zote kwa mkupuo kabla ya kuweka, kwa hiyo tumebahatika. Ya kule pengine inabeba moja moja, kuanzia mbele. Sheria haijavunjwa na mashine. Imevunjwa na aliyeahidi."

"Pengine," Diregiteri akasema.

"Pengine. Twende tukaone."

"Anselme, ni saa saba."

"Njo maana twende mbio."

Tulishuka kwa miguu, Bonheur amebeba godoro kichwani maana hakujua kama atarudi kulichukua. Barabara ilikuwa na utelezi wa mvua ya asubuhi. Hakuniangalia. Mara moja nilishika kona ya godoro lake lilipoinama, akalinyoosha mwenyewe.

Wodi ilinuka dawa na samaki, kwa sababu dada yake Maman Solange alikuwa amemletea sambaza wa kukaanga na wagonjwa wote walikuwa wanapewa kidogo kidogo. Skrini ilikuwa imefunikwa kitambaa, kama maiti, na ubao wa zamani umerudi ukutani. Maman Josée alikataa kwanza. "Mashetani yenu sitaiamusha hapa." Mwalimu akamwomba: majina ya uongo tu, dakika tano, hakuna sindano itakayofuata skrini hii. Akafunua kitambaa. Nikaandika wagonjwa wanane wa kubuni, kila mmoja na dawa yake ya hatari, namba tofauti nane. Diregiteri alikuwa anaangalia saa yake, halafu skrini, halafu saa. Nikamwingiza mahututi asiye na kizuizi. Nikabonyeza.

Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mpaka chini.

Nje, barazani, mtu alikuwa anacheka na redio. Mwalimu Anselme akaniambia nitoe lile neno, nigeuze upya programu pale pale kwenye mashine yao, nirudie jaribio. Nikalitoa mahali pote pawili. Kile kisahani kilichukua muda wake kutafuna. Nikabonyeza. Namba zikasogea, kila moja kwa mwenyewe.

Diregiteri akakohoa. "Bonheur, rudisha godoro bwenini. Jina lako litaenda Jumatatu." Halafu kwangu: "Wewe maabara huingii mpaka muhula uishe. Na mzazi wako ni jirani, atakuja kesho." Nikasema ndiyo. Nilitafuta neno la kuchekesha, kwa mazoea tu, sikulipata.

Nilidhani Bonheur ataondoka. Aliliegemeza godoro ukutani, akaja kusimama nyuma yangu.

"Ulijua tangu lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Jumatano."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo."

Maman Josée alikuwa anataka kuifunika skrini. Akauliza nani atamwekea majina ya kweli, kama bado kuna mwenye imani. Diregiteri akamwonyesha Bonheur.

"Hapana," Bonheur akasema. "Aandike yeye. Mimi niko naangalia."

Kutoka kitanda cha tatu, Maman Solange aliinuka, kitenge kimefungwa kifuani, mkono umeshika ukingo wa kitanda, akatembea hatua sita mpaka mezani. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhania kupitia mbao. Alisimama kando ya Bonheur akaniangalia usoni, siyo kwenye skrini.

"Weye njo uliandika ile hakuna yangu?"

"Ndiyo, Maman. Nisamehe."

"Andika jina yangu. Na ile dawa. Mbele ya macho yangu."

Nikaandika. Nilitumia kidole kimoja, polepole, kama Bonheur. Yeye hakujua kusoma, lakini aliifuata kila herufi ilipotokea, kama anayehesabu vifaranga.

"Soma," akasema.

Nikasoma jina lake. Nikasoma: asipewe penisilini.

Akamgeukia Bonheur. "Papa, iko vile anasema?"

Bonheur alisogea karibu na skrini. Midomo yake ilicheza bila sauti, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa nane.

"Iko vile, Maman," akasema. "Lakini tungoje. Asome tena."